Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuichezea Harambee Stars ukitokea Malindi

Nafundisha timu ya mtaa hapa Malindi, jioni tuko uwanjani, usiku simu haitulii. Vijana wauliza, wazazi wauliza, na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeona niandike majibu mara moja niwe nawatumia. Sikuyapanga, yako vile yanavyonijia.

Kocha, mtu wa Malindi anaweza kweli kuitwa timu ya taifa, ama hiyo ni ya watu wa bara?

Anaweza. Na hili swali laniuma kila nikiulizwa, manake mtoto wa miaka 14 hafai kuanza na wasiwasi huo, afaa kuanza na mpira.

Kuna watu wazima hapa ukiwatajia Mahmoud Abbas wanasimama. Kipa, kijana wa Mombasa, ndiye alikuwa golini Kenya ilipochukua kombe la CECAFA, lile la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na nchi nzima ikambandika jina Kenya One. Hebu fikiria, bara yote mpaka Kisumu huko watu wamwita mtoto wa Pwani Kenya One, yaani Kenya nambari moja, si Pwani One. Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Tena leo njia haijafungwa. Bandari iko Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa, na 2018 na 2019 ilimaliza ligi nambari mbili, 2019 hiyo hiyo ikabeba kombe la Shield ikaenda kucheza Afrika. Kocha wa taifa akitafuta mchezaji wa ligi ya nyumbani yuatizama huko pia. Kwa hivyo hesabu yako ya kwanza si Nairobi, ni kutoka mtaani uende ligi ya kaunti, upande madaraja, uonekane. Wapo wanaoruka daraja lakini mimi simpangii mtoto maisha kwa bahati.

Ni makaratasi gani yatakiwa?

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo tunapotezea vijana wengi kuliko magoti na vifundo vya miguu.

Mpira wa taifa ni paspoti. Hakuna paspoti huchezi, hata uwe na miguu ya dhahabu. Paspoti ya mtu mzima yataka kipande, yaani kitambulisho cha taifa, kipande chataka cheti cha kuzaliwa na vipande vya wazazi, na mzazi naye kama hakuwahi kuwa nacho basi mwaanzia kwa chifu na mzee wa mtaa mwarudi nyuma mpaka kwa babu. Bara mtu hugonga miaka 18 akaenda akapata, kwisha. Huku kwetu ukiwa na jina fulani au sura fulani umepigwa msasa, uliulizwa babu yako alizaliwa wapi na alizikwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa ule msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani, na mimi nilifurahi, lakini nawaambia wazazi msikae mkingoja tangazo, mtoto akizaliwa tu mkate cheti.

Tulikuwa na beki wa kushoto hapa. Babake ni mvuvi wa asili ya Pemba, yeye mwenyewe amezaliwa ufuoni huku, amesoma huku, Kiswahili chake ndo hiki hiki changu. Timu moja ya daraja la juu ikamtaka. Wakasema lete kipande tukusajili. Nilienda naye ofisi hii tukaambiwa nendeni ile, ile wakasema rudini na shahidi, shahidi tukampeleka, wakasema faili haionekani. Alikuwa na mfuko wa plastiki, ule wa kuona ndani, makaratasi yake yote yamo, kadi ya kliniki, barua ya shule, barua ya chifu, na alikuwa yuaja nao mazoezini kila siku ameufunga ndani ya fulana ili usilowe, auweka nyuma ya goli halafu kila mpira ukitoka atupa jicho kwanza kule. Kwa miezi. Dirisha la usajili likafungwa, timu ikachukua mtu mwingine.

Julai 2023 serikali ikawatambua Wapemba kule Kilifi kuwa ni Wakenya, kama walivyotambuliwa Wamakonde wa Kwale kabla yao, na yeye akapata. Akaja nacho uwanjani. Tukakipokezana mkono kwa mkono, na kipa wetu ambaye kwa kawaida hana adabu hata kidogo akawa ndiye anayewaambia wenzake futeni mikono kwanza, msikitie mchanga. Basi nikamwona yule beki ameangalia pembeni. Alikuwa ashapita umri ambao ile timu ilimtakia. Bado anacheza na sisi na anafundisha watoto wadogo Jumamosi.

Kwa hivyo nikisema makaratasi, nasema kwa uchungu. Mtoto akiingia timu yetu kitu cha kwanza naomba ni kopi ya cheti cha kuzaliwa, kabla hata sijamwona akipiga mpira.

Watu wengine husema Pwani si Kenya. Sasa ukivaa jezi ya Kenya si unawasaliti wenu?

Hapana, na ntakwambia vile ninavyoliona.

Ile kauli ina mizizi, si wazimu. Huu ukanda wetu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwenye makaratasi mpaka 1963, halafu ukaingia Kenya, na watu wakabaki maskwota kwenye mashamba waliyozaliwa, na hilo la vipande nimeshalieleza. Mtu aliyenyimwa kipande miaka ishirini huwezi kumkasirikia akisema hajioni Mkenya.

Lakini jezi si ya serikali, jezi ni ya watu. Ukivaa ile jezi unachukua chako, na nchi nzima inabidi ikuangalie na ikutaje jina lako na mtangazaji ajifunze kulitamka sawasawa. Mimi nataka siku moja niketi kwenye kibanda cha mpira nisikie jina la Kigiriama, Katana au Karisa au Kazungu, likitangazwa kikosini na watu wa Kakamega walishangilie. Hiyo siku hakuna mtu atamwambia huyo kijana alete shahidi wa kuthibitisha babu yake.

Kiswahili changu cha Malindi si watanicheka kambini?

Watakucheka siku mbili, halafu watataka uwafundishe.

Kisha nikwambie kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Siku ya mechi mnapanga mstari, mkono kifuani, unapigwa wimbo wa taifa. Ule wimbo ni wa Kiswahili, na lahani yake imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Wapokomo, majirani zetu hapa, ukipita Garsen ushafika kwao mtoni Tana. Na 1963 kamati ya watu watano iliyoutengeneza mmoja wao alikuwa Kasisi Thomas Kalume, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Malindi Kaskazini. Sasa mtu akikwambia we wa Pwani umekuja kwenye timu yetu, mwambie taratibu tu kwamba huo wimbo anaousimamia mama zetu waliuimba kabla haujakuwa wa taifa. Mimi mwenyewe tangu nilijue hili nikiusikia kabla ya mechi natulia kabisa, hata maji siwezi kunywa.

Mwanangu babake ni Mtaliani, mimi ni Mgiriama. Achezee nani?

Hili kwa Malindi naulizwa sana, na kina mama huuliza kwa sauti ya chini kama wamefanya kosa. Hujafanya kosa.

Kisheria mtoto wako ni Mkenya, mama Mkenya yatosha. Na tangu katiba ya 2010 Kenya yaruhusu uraia pacha, kwa hivyo hahitaji kutupa paspoti moja ili ashike nyingine, si kama zamani ambapo mtu akifika utu uzima ilibidi achague. Kwa mpira, FIFA yaangalia uraia na mahali ulipozaliwa wewe, au mzazi wako, au babu na bibi yako. Yeye anaweza kuchezea kote kuwili, Kenya na Italia.

Achague nani, hilo ni lake, si langu wala si la babake. Lakini maoni yangu wayataka ntakupa. Mtoto aliyekulia hapa, aliyejifunza kupiga chenga kwenye mchanga pale karibu na bandari ya wavuvi, akila viazi karai na mbaazi na mahamri, huyo nyumbani kwake anapajua. Kuna watu watamwambia mzungu mzungu akikosea pasi. Hapo ndipo sisi wazee tunatakiwa tuseme kitu, tusinyamaze. Juzi mtoto mmoja kwenye timu ya wadogo aliitwa hivyo na mtazamaji, na kabla sijafungua mdomo kapteni wa timu, mtoto wa miaka 11, akasimamisha mpira kwa mguu akamwambia yule mtu mzima "huyu ni wetu" halafu akaendelea kucheza.

Divock Origi alikataa Kenya, ni sawa?

Mimi simwiti msaliti na naomba vijana wangu wasimwite. Babake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, ami yake Austin Oduor ndiye kapteni aliyeinua kombe la Afrika na Gor Mahia 1987, kwa hivyo damu ya mpira wa Kenya anayo tele. Lakini yeye kazaliwa Ostend, Ubelgiji, 1995, akafundishwa mpira huko tangu mdogo, na Ubelgiji ikampeleka Kombe la Dunia 2014 akafunga goli dhidi ya Urusi akiwa na miaka 19. Aliwachezea waliomlea. Lililoniuma mimi si yeye kuchagua Ubelgiji, liliniuma kwamba sisi hatukuwa na cha kumwonyesha. Mtoto huchagua pale alipoandaliwa.

Upande wa pili kuna Dennis Oliech, ambaye alicheza Qatar na wakamtaka abadilishe uraia kwa pesa nyingi, akakataa, akabaki na Kenya yake. Huyo ndiye aliyekuwa kwenye kikosi cha 2004 kule Tunisia tulipopata ushindi wetu wa kwanza kabisa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, 3-0 na Burkina Faso. Vijana wengi hawakuwa wamezaliwa. Watafute waone.

Ukishachezea nchi moja unaweza kuhama?

Kwa shida. Mechi za kirafiki hazikufungi. Za mashindano, sheria ya tangu 2020 yasema kama ulicheza za timu kubwa zisizozidi 3, zote kabla hujafika miaka 21, imepita miaka 3, na hakuna hata moja iliyokuwa ya fainali za Kombe la Dunia au za bara kama AFCON, unaweza kuomba kuhama. Na hiyo nchi unayohamia lazima uraia wake ulikuwa nao tangu zamani, si uokote juzi.

Kenya ikicheza na Tanzania au Zanzibar, nyinyi wa Pwani mwashangilia nani?

Kenya. Lakini si rahisi kama watu wa bara wanavyodhani, manake upande wa pili wako ndugu zetu wa kweli, si wa maneno.

Juni 2019, AFCON kule Cairo, Kenya na Tanzania. Kibanda kilijaa mpaka watu wamekaa juu ya kreti za soda, na nyuma kabisa walikuwa wavuvi kama sita hivi wa kutoka ng'ambo na jezi zao za Taifa Stars. Msuva akafunga mapema, wale wakaruka. Olunga akasawazisha. Hata hatujakaa, dakika moja tu, Samatta akaweka la pili. Kipindi cha pili Johana Omolo kwa kichwa, mbili mbili, na mwishoni Olunga tena, 3-2. Kelele zilizotoka pale nafikiri walizisikia mpaka Mambrui. Halafu mpira ulipoisha mzee mmoja wetu akaenda nyuma akawanunulia wale wavuvi wote kahawa chungu, wakakaa wakazungumza bei ya matanga ya mashua na habari za upepo. Hivyo ndo sisi tulivyo. Jezi tofauti na shangazi mmoja.

Zanzibar ndo yanichoma zaidi. Wana timu, wana bendera, CECAFA wanacheza, lakini FIFA si wanachama, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliwapokea Machi 2017 halafu Julai mwaka huo huo ikawatoa. Desemba wakaja Kenya wakafika fainali, pale Machakos, 2-2, tukawashinda kwa penalti. Nilishangilia, kombe letu, lakini nilipowaona wale vijana wamelala kwenye nyasi nikawaza, hawa wakitoka hapa hakuna Kombe la Dunia la kuota, hakuna AFCON ya kwao wenyewe, hili ndilo lilikuwa kubwa lao. Kijana wa Kenya anayelalamika kuitwa kambini amkumbuke huyo.

Timu ya taifa inalipa?

Si mshahara. Mshahara ni wa klabu, taifa ni posho na bonasi. CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi, na wale vijana wakazifanyia kazi kweli: DR Congo 1-0, Angola sare, Morocco 1-0, Zambia 1-0, wakaongoza kundi, wakatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Wote wachezaji wa ligi ya hapa nyumbani manake CHAN ndivyo ilivyo. Lakini hiyo ilikuwa bahati ya mashindano ya nyumbani, usiipigie hesabu ya kila siku. Wachezaji wa ligi yetu wako waliokaa miezi bila mshahara wa klabu. Soma, uwe na kazi ya mkono, ucheze.

Binti yangu avaa hijabu, ataruhusiwa?

Ataruhusiwa, na si kwa kuombewa. Sheria za mpira zimeruhusu kitambaa cha kichwa tangu 2014, na 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake la timu kubwa akiwa na hijabu yake, wa kwanza. Kwetu hapa Kilifi kuna shirika la Moving the Goalposts tangu 2001, wasichana wanacheza na wanajifunza mambo mengine mengi.

Tena wazazi, niwaambie ukweli, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA haikuwa ya wanaume. Ni wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, 2024, kule Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. Watoto wa shule hao. Baba ukimzuia binti yako kwa sababu mpira ni wa wavulana, jua wavulana bado hawajafika alipofika yeye.

Tumpunguze umri kidogo?

Usifanye. Mashindano ya chini ya miaka 17 wapiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono, na mtoto anaanguka mbele ya wenzake. Sipokei cheti kilichochezewa.

Kwani Harambee Stars ina maana gani, si yashindwa kila siku?

AFCON tumekwenda 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, hatujavuka makundi hata mara moja. 2022 FIFA ilitufungia miezi kama tisa kwa mambo ya viongozi, si ya wachezaji. 2024 tulicheza mechi za nyumbani nje ya nchi, kama Kampala, kwa sababu hatukuwa na uwanja unaokubalika. Siyafichi. Mimi nimeipenda hii timu ikiwa hivyo, na mtoto anayeitaka jezi ya timu inayoshindwa namwamini zaidi ya yule anayengoja ishinde ndo aipende.

2027 AFCON yaja hapa, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kijana wa miaka 17 leo anaweza kuwemo. Nimempigia hesabu mmoja wetu, simtaji asije akapata kiburi.

Mazoezi ni saa ngapi na nije na nini?

Baada ya swala ya Alasiri, saa kumi na kidogo, kila siku isipokuwa Ijumaa. Njumu kama unazo, kama huna njoo hivyo hivyo, kuna jozi tatu za kuazimana. Maji yako. Na kopi ya cheti cha kuzaliwa, iweke kwenye plastiki, umpe yule beki wa kushoto, yeye ndiye anayezipokea.